Kifua kubana baada ya kukimbia

Kaka, umeuliza kama kifua kubana baada ya kukimbia ni kukosa stamina tu. Kuhema kwa kukosa stamina huisha dakika mbili tatu ukisimama. Wewe unasema kikohozi na mluzi kifuani vinaanza ukishamaliza mbio, vinazidi kwa dakika kumi hivi. Hapo njia za hewa zinabana, na ile baridi kavu ya Njombe mwezi wa saba inachochea. Mwone daktari apime pumzi yako kabla na baada ya kukimbia. Wengi huandikiwa inhela ya salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa; wanavuta kama dakika 15 kabla ya mazoezi. Ukiihitaji kila siku, rudi ubadilishiwe dawa. Usiache mbio: Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, ana pumu, ambayo nayo hubana njia za hewa, na rekodi yake ya dunia ya marathoni ya wanawake ya 2003 ilidumu miaka 16. Ila ukizimia au kifua kikiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo.