Rekodi ya bure isikunyang'anye utunzi wako

Mdogo wangu, umeeleza kwamba unapiga saksafoni, una nyimbo zako za jazz ulizotunga mwenyewe, na kuna studio iko tayari kukurekodia bure mradi usaini kwamba nyimbo hizo ni mali yao. Jibu langu: kwenye rekodi mnaweza kuelewana, ila utunzi usiutoe.

Hivyo ni vitu viwili. Rekodi ni sauti iliyonaswa siku ile. Utunzi ni wimbo wenyewe, yeyote atakayeupiga na popote utakapopigwa. Studio iliyogharamia mitambo na fundi ina haki ya kudai fungu lake kwenye rekodi. Utunzi ulikuja nao kutoka nyumbani.

Mimi napiga kinanda kwenye bendi ya hoteli hapa Dar, na usiku mwingi ni kopi tu, yaani nyimbo za watu wengine. Niliwahi kuletewa karatasi kama hiyo yako. Mpiga besi wetu, mzee aliyepita bendi nyingi za dansi, aliisoma neno kwa neno, akaweka kidole kwenye mstari wa utunzi, akasema, "Huu ufutwe ndipo usaini." Wenye studio walinuna wiki nzima, kisha wakaufuta. Wimbo mmojawapo sasa unapigwa na bendi nyingine, na mtunzi anayetambulika ni mimi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, mwangalie Herbie Hancock, mpiga piano wa jazz wa Marekani, alivyoanza. Alikuwa mtoto wa Chicago, na akiwa na miaka 11 alishapiga Mozart na okestra ya jiji lake. Chuoni Grinnell alisoma muziki na uhandisi wa umeme. Mpiga tarumbeta Donald Byrd ndiye aliyempeleka New York mwaka 1961 na kukaa naye Bronx. Mwaka uliofuata Byrd akamwambia aende Blue Note, lebo ya kurekodi jazz, kuomba albamu yake mwenyewe, nusu nyimbo zake, nusu zinazojulikana. Akamwonya pia: wakitaka haki za utunzi, kataa, waambie nyimbo ziko kwenye kampuni yako mwenyewe ya kusimamia utunzi. Kweli Alfred Lion, mwenye lebo, alizitaka. Kijana wa miaka 22 asiye na jina akakataa, akawa tayari kuondoka mikono mitupu. Lion akakubali.

Albamu ile, Takin' Off, ilifunguliwa na "Watermelon Man", wimbo uliotokana na muuza matikiti aliyekuwa akipita na mkokoteni wa farasi katika vichochoro vya mtaani kwao. Mcuba Mongo Santamaría, mpiga konga, akaurekodi upya kwa mtindo wake, na mwaka 1963 ukaingia kumi bora za Marekani. Kwenye rekodi ile Herbie hakugusa piano, lakini mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapotumika, ilimfuata. Angesaini kwa Lion, sehemu kubwa ya fedha hizo ingeishia ofisini. Watu husimulia zaidi kwamba mwaka huohuo alichukuliwa na Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu, kwenye bendi yake. Kwangu mimi, siku ile ofisini kwa Lion ina uzito uleule.

Kwa hiyo, kabla hujarudi studio, rekodi kila wimbo hata kwa simu, uandike tarehe, kisha uusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakulinda hata kabla ya kusajili, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake, ila usajili ndio utakaokusaidia mkifikishana mbele ya mwanasheria. Halafu waambie studio wachukue asilimia mtakayokubaliana kwenye mauzo ya rekodi hii tu, na iandikwe wazi kwamba utunzi unabaki kwako. Tafuta pia mzee mmoja wa bendi akusomee mkataba, hata kama ni kwa kumnunulia chai. Wakikataa kabisa, chukua saksafoni yako, nenda studio nyingine ulipie saa chache kwa hela yako.

Ukipenda, bandika hapa kipengele chenyewe cha mkataba, majina ukiyafuta, tukisome pamoja.