Mwanasiasa Amefariki na Wimbo wa Kumkejeli Unaombwa: Kwa Mtangazaji Mpya wa Redio

Habari ya kifo cha mwanasiasa hufika studio kwa WhatsApp kabla haijafika chumba cha habari. Nusu saa haipiti, simu za salamu zinabadilika. Huyu anaomba wimbo wa maombolezo. Yule, kwa sauti ya mtu anayebana kicheko, anaomba ule wimbo ambao mji mzima unajua unamsema nani. Ikiwa uko zamu ya jioni peke yako hapa Uganda, tuseme Arua, Busia au Kasese, na meneja wa vipindi simu yake haipatikani, uamuzi ni wako na muda ulio nao ni dakika mbili tatu. Kwa hiyo kazi kubwa ya uamuzi huo lazima iwe imefanyika siku ambayo hakuna aliyekufa.

Anza na kompyuta, si na msimamo wako. Aibu nyingi za siku ya msiba hazitoki kwa mtangazaji mkaidi. Zinatoka kwenye programu ya kuchezea nyimbo, ambayo imepangwa tangu asubuhi na haijui kwamba kuna mtu amefariki. Mara kifo kikithibitishwa na familia, Bunge, chama chake au hospitali, toa programu kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, kisha pitia saa tatu zijazo wimbo kwa wimbo. Usitafute kwa jina la wimbo peke yake. Tafuta kwa jina la msanii, kwa toleo la rimiksi, na kwa mdundo mtupu usio na maneno, kwa sababu mdundo huohuo huenda ndio unaolala chini ya tangazo la sabuni au utangulizi wa kipindi cha michezo. Pabaya zaidi ni miksi za madijei. Faili moja ya dakika 60 iliyoandikwa "Miksi ya Ijumaa" inaweza kuubeba wimbo huo dakika ya 41, na hakuna utafutaji utakaouona. Siku ya kwanza toa miksi zote ambazo hazina orodha ya nyimbo zilizomo. Ukishamaliza hapo, ondoa matangazo ya kampeni yenye sauti ya marehemu na vichekesho vya kumwiga. Angalia pia kinachofuata baada ya matangazo ya vifo, yale ambayo Waganda huyaita ebirango. Tangazo la bia likiingia pale msikilizaji hatasema ni kompyuta, atasema ni nyinyi.

Sasa wimbo wenyewe. Kuna nyimbo za aina tatu ambazo wageni wa kazi huzichanganya. Upo uliotungwa kumpinga mwanasiasa akiwa hai, ukapigwa redioni miaka yote bila tatizo. Upo uliotungwa baada ya kifo, na mara nyingi unadai kwamba ameuawa. Na upo wimbo wa zamani usiomhusu hata kidogo, ambao watu wameuchukua na kumvisha marehemu. Huu wa tatu ndio unaowapiga chenga wengi, maana ukisoma mashairi yake huoni kosa.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni wa Uingereza. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani, alifariki tarehe 8 Aprili 2013. Wapinzani wake wakaanzisha kampeni mtandaoni ya kununua "Ding Dong! The Witch Is Dead", wimbo wa filamu ya watoto ya mwaka 1939, wenye sekunde 51 tu, unaoshangilia kifo cha mchawi. Ndani yake hamna siasa wala jina la mtu. Lakini kufikia Jumapili tarehe 14 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya 52,000 na kukaa nafasi ya pili kwenye orodha rasmi ya nyimbo, na BBC Radio 1 ina kipindi cha kila wiki kinachocheza nyimbo za orodha hiyo. Mazishi yalipangwa Jumatano, tarehe 17. Yaani kipindi kingeruka hewani siku tatu kabla ya jeneza kuingia kanisani.

Mkuu wa Radio 1, Ben Cooper, alikuwa na njia mbili ambazo kila mtu alimsukumia: aucheze wimbo mzima, au aupige marufuku. Akachukua ya tatu. Nafasi ya pili ilitangazwa kuwa ni nafasi ya pili, wimbo haukuchezwa mzima, na badala yake ikaingia taarifa fupi ya habari ambamo mwandishi alieleza kwa nini wimbo wa mwaka 1939 umeibuka wiki hiyo, pamoja na kipande cha sekunde chache, tano hivi. Mkurugenzi mkuu wa BBC, Tony Hall, ambaye alikuwa na siku chache tu kazini, alisema hadharani kwamba kampeni ile haikuwa ya staha, ila hakuuzuia wimbo. Wakalaumiwa pande zote mbili: wahafidhina waliona hata sekunde tano ni matusi, wengine waliona ni udhibiti.

Lawama hizo zisikufanye uudharau uamuzi. Tazama walivyoutengeneza. Kwanza, hawakugusa hesabu. Wimbo ulikuwa wa pili na ukasemwa ni wa pili. Hapa kwetu orodha nyingi za nyimbo kumi bora hutokana na kura za wasikilizaji au chaguo la kituo, na kishawishi cha kuusukuma wimbo hadi nafasi ya 11 ni kikubwa kwa sababu hakuna wa kukagua. Usifanye hivyo. Waliopiga kura wana picha za skrini za meseji walizotuma, na siku mbili baadaye habari haitakuwa wimbo tena, itakuwa wizi wa kura, neno ambalo Uganda halihitaji kuchochewa. Kama unaogopa kampeni ya kununua kura, weka kanuni mapema na uitangaze: namba moja ya simu, kura moja kwa wiki.

Pili, waliuhamisha wimbo kutoka muziki kwenda habari. Hapo ndipo pana ufundi. Muziki ukichezwa, kituo kinaonekana kuuimba pamoja na waimbaji. Habari ikisomwa, kituo kinaeleza kwamba kuna watu wanauimba. Tena wasikilizaji wengi wa Radio 1 ni vijana, na Thatcher aliondoka madarakani Novemba 1990, kabla baadhi yao hawajazaliwa. Bila maelezo, wangesikia wimbo wa filamu ya watoto katikati ya muziki wa dansi wasielewe kitu.

Tatu, hawakuufuta kabisa. BBC ilikuwa imeshaonja upande huo: mwaka 1977 ilikataa kuucheza wimbo wa bendi ya Sex Pistols uliomhusu malkia wakati wa sherehe za miaka 25 ya utawala wake, na wimbo huo ukafika nafasi ya pili hata hivyo. Marufuku ya redio ni tangazo la bure kwa wimbo.

Turudi nyumbani, ambako mambo yana uzito mwingine. Uingereza ukikosea unaandikiwa barua za hasira. Uganda ukikosea mtambo unaweza kuzimwa. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilifungwa Septemba 2009 wakati wa ghasia za Buganda na haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Aprili 2019 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliagiza vituo 13 vya redio na televisheni viwasimamishe watayarishaji, wakuu wa habari na wakuu wa vipindi kwa jinsi vilivyotangaza habari za Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani. Tazama vyeo hivyo: anayetafutwa ni aliyeidhinisha, si mwenye maiki peke yake. Ndiyo maana idhini yoyote kuhusu wimbo wenye utata iwe na jina na saa kwenye kitabu cha zamu.

Viwango vya chini vya utangazaji vimo kwenye Jedwali la Nne la Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013. Lisome lote, ni fupi. Kwa wimbo wa msiba, maswali yanayokuhusu zaidi ni haya: je, unaenda kinyume na maadili ya jamii? Unachochea vurugu au chuki ya kikabila? Unaweza kuleta ukosefu wa usalama? Swali la kabila ndilo linaloponyoka, kwa sababu wimbo unaweza kumtaja mtu mmoja huku kiitikio kikitaja "wale wa kwao". Usikubali wimbo kwa lugha usiyoijua kwa kuambiwa tu kwamba "hauna neno". Mpe mtu wa Kilugbara, Kiacholi au Kiganda auandike mstari kwa mstari, halafu mtu wa pili asiyemjua wa kwanza asome na kueleza mafumbo. Kejeli za kwetu hukaa kwenye jina la ndege au la chakula, si kwenye tusi la wazi.

Na wimbo unaodai marehemu ameuawa ni hatari kuliko unaomcheka. Marehemu hawezi kukushtaki kwa kumchafulia jina. Anayetajwa kuwa alimpa sumu, hata kwa cheo tu bila jina, yu hai na ana wakili. Spika wa Bunge, Jacob Oulanyah, alipofariki Seattle, Marekani, tarehe 20 Machi 2022, uvumi wa sumu ulienea kiasi kwamba Waziri wa Afya alisoma ripoti ya kitabibu hadharani. Wimbo wa aina hiyo usiuguse hata kwa kipande, isipokuwa mhariri wa habari ameamua.

Ukipewa ruhusa ya kutumia kipande, kikate hivi. Sekunde 5 hadi 8, zisizidi 10. Chagua sehemu inayotambulika, tuseme mwanzo au ala za kiitikio, usichague mstari wenye sumu zaidi. Kisirudiwe. Kisiwekwe chini ya sauti ya msomaji, kwa kuwa hapo kinageuka muziki wa kuchezea msiba. Maneno ya mwandishi yatangulie na yafuate, sekunde 20 kila upande zinatosha. Faili iite jina linaloanza na HABARI, na uiweke kwenye folda ya taarifa. Ukiiacha kwenye folda ya muziki, programu itaiokota usiku wa manane, sekunde nane za kejeli katikati ya kaswida au nyimbo za injili.

Maneno ya hewani yasizidi haya: "Wimbo huu umeombwa na wasikilizaji wengi wiki hii kwa sababu unahusishwa na marehemu. Kwa kuwa familia bado haijazika, hatutaucheza mzima. Mwandishi wetu anaeleza ulikotoka." Basi, nenda kwenye taarifa. Usiseme "nimekatazwa", hata kama umekatazwa, na usicheke. Usiuanzishe kisha ukaushusha katikati kwa woga. Nusu wimbo iliyokatwa ghafla ndiyo itakayorekodiwa kwa simu na kuzunguka TikTok kesho yake, ikiwa na sura yako kama studio yenu ina kamera ya moja kwa moja.

Kwa wanaopiga simu, kifaa cha kuchelewesha sauti ni msaada mkubwa. Sekunde 7 zinatosha kukata tusi. Vituo vingi vya wilayani havina. Kama chenu hakina, siku tatu za kwanza pokea salamu kwa meseji tu na uzisome mwenyewe. Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, alipopigwa risasi na kuuawa pamoja na mlinzi wake huko Matugga tarehe 8 Juni 2018, mitandaoni wapo walioshangilia wazi, huku kwao watu wakilia. Redio inayosikika sehemu zote mbili haiwezi kudhani kwamba wasikilizaji wake wana moyo mmoja.

Simu nyingine zitatoka ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, kwa mwenye kituo, au kwa chama. Zipokee kwa adabu: "Nimekusikia mheshimiwa, naomba uniandikie kwa barua au meseji nimfikishie meneja." Usibishane, usiahidi. Andika jina, saa na maneno aliyotumia. Vivyo hivyo kwa wale wanaosukuma wimbo uchezwe, wakiwemo mapromota wanaokuja na bahasha. Msiba wa mkubwa ni soko kwao, na wimbo wa maombolezo uliorekodiwa usiku mmoja nao upitie ukaguzi uleule.

Rekodi za matangazo zihifadhiwe. Tunashauri zisipungue siku 60, na zile zenye malalamiko zikae mpaka malalamiko yaishe. Hakikisha kinachorekodiwa ni sauti iliyotoka hewani na siyo ya ndani ya studio, kwa maana hizo mbili hutofautiana, na UCC wataomba ya hewani.

Linalosahaulika kabisa ni mwisho wa zuio. Bila tarehe, wimbo unabaki umefichwa miaka mitano kwa sababu hakuna anayekumbuka nani aliufungia. Usitumie hesabu ya siku, tumia mazishi. Muislamu huzikwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Oulanyah alizikwa Omoro tarehe 8 Aprili, siku 19 baada ya kufariki. Andika kwenye kitabu cha zamu: "Zuio hadi jioni ya mazishi, kisha meneja wa vipindi apitie." Asubuhi inayofuata meneja anaamua: wimbo unarudi kwenye mzunguko wa kawaida, unabaki kwa ajili ya habari tu, au unaondolewa kwa kosa la sheria linalotajwa kwa maandishi. Wimbo uliokuwa ukipigwa kabla ya kifo bila malalamiko kwa kawaida urudi, lakini polepole, mara moja kwa siku mchana, na si kwenye kipindi cha salamu kwa wiki ya kwanza. Kisha rudisha miksi za madijei, safari hii kila moja ikiwa na orodha ya nyimbo zake na dakika zinapoanzia.