641 ilivyopatikana: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza watu wa enzi za Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, bila kikokotoo, walijuaje kuwa 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Kaa na kalamu na karatasi, utaiona mwenyewe.

Namba hiyo ni 2³² + 1. Fermat, mwanahisabati aliyemtangulia Euler, alikuwa ameona namba zinazoitangulia, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537 (2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1), kuwa zote ni namba tasa, akaamini mlolongo mzima ni tasa. Euler akaonyesha mwaka 1732 kwamba huyu wa sita si tasa.

Ukiamua kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 65,536, una namba 6,542 za kugawia. Kazi hiyo mtu haimalizi bila kukosea mahali. Euler baadaye aliandika njia ya kuipunguza, nayo ni hii. Tuseme namba tasa p inaigawa. Basi 2³² ikigawanywa kwa p hubakiza p − 1, ambayo hapa ni sawa na −1. Zidisha −1 kwa yenyewe upate 1. Kwa hiyo 2⁶⁴ hubakiza 1, na hakuna kipeo kilicho chini ya 64 kinachofanya hivyo. Hapo kanuni ya Fermat mwenyewe, kwamba 2 kwa kipeo p − 1 ikigawanywa kwa namba tasa p isiyo 2 hubakiza 1, inalazimisha 64 igawe p − 1. Ni kanuni yake iliyoangusha dai lake, na mimi naona uzuri mkubwa katika hilo.

Kwa hiyo p lazima iwe 64k + 1, k ikiwa namba nzima, na orodha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641... Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641!

Sasa ihakiki. Usiibebe namba yote. Ondoa 641 kila hatua:

2⁸ = 256.
256 × 256 = 65,536; toa 641 × 102 = 65,382, baki 154.
154 × 154 = 23,716; toa 641 × 36 = 23,076, baki 640.

Hiyo ndiyo baki ya 2³². Ongeza 1, unapata 641 kamili. Ukifanya vivyo hivyo kwa 193, baki ni 63, 109, 108. Ongeza 1 ni 109, haigawi.

Ukiandika programu, angalia aina ya namba uliyochagua. Nafasi ya biti 32 isiyo na hasi huishia 4,294,967,295, hivyo namba yetu huzunguka na kuhifadhiwa kama 1, mara nyingi bila onyo lolote.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na vigawo vyake navyo vingelazimika kuwa 64k + 1. Ukishazikataa zile nne za mwanzo, zimebaki saba tu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Usiiruke 641, maana kigawo huweza kujirudia.

Mzazi wako