Jibu: Ajali moja, kesi mbili California

Dada, nimekuelewa: mligongwa na lori moja, wewe umefungua kesi Los Angeles, shemeji yako Fresno. Zinaweza kuunganishwa.

Kwa kuwa si kesi tata, tumia kifungu cha 403 cha sheria ya mwenendo wa madai. Maombi yanapelekwa kwa jaji wa kaunti mnayoitaka, pamoja na tamko lenye nguvu ya kiapo kwamba umejitahidi kwa nia njema kupata ridhaa ya pande zote. Hapo ndipo penye kazi. Tunza kila barua pepe uliyowaandikia. Zingekuwa mahakama moja, kifungu cha 1048 kingetosha.

Kabla jaji hajaamua, usikose tarehe yako yoyote. Na kama bima ya lori ina kikomo kidogo, muone wakili wako peke yako: wewe na shemeji mtagombea fungu lilelile.