Kizimba kwanza, kinyonga baadaye

Ukitaka kufuga kinyonga, anza na kizimba. Kinyonga mwenyewe asubiri. Najua si rahisi, kwa sababu mara nyingi mtu humwona mnyama, akampenda, akamchukua, ndipo anaanza kuhangaika pa kumweka. Lakini matatizo mengi ninayoulizwa na wafugaji wapya, mifupa iliyolegea, macho yaliyodidimia, pumzi inayokoroma, vidonda mgongoni, yalianzia kizimbani: taa isiyofaa, hewa iliyosimama, maji ambayo mnyama hakujua hata kama yapo. Ukimpa dawa kisha ukamrudisha mlemle alimougulia, ataugua tena.

Shika jambo moja, mengine yote yatakaa sawa. Kinyonga hatengenezi joto lake mwenyewe. Akihitaji joto hulifuata, likimzidi huliacha. Ndivyo anavyofanya pia na mionzi, unyevu, mwanga na maficho. Kwa hiyo usihangaike kulifanya kila pembe ya kizimba kuwa na hali moja. Mpe juu penye moto na chini penye ubaridi, tawi lililo wazi na kichaka cha kujifichia, kisha mwache achague. Kizimba kibaya ni kile kinachomnyima uchaguzi.

Lazima pia umjue unayemjengea. Anayevumilia zaidi, na ambaye wengi huanza naye, ni kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), mwenye kishungi kirefu kichwani. Furcifer pardalis wa Madagaska naye anahitaji joto linalokaribiana na hilo. Kinyonga wa pembe tatu (Trioceros jacksonii) ni habari nyingine kabisa: kwao ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, amezoea usiku wa baridi, na joto linalompendeza yule wa Yemen humdhoofisha polepole mpaka afe. Chagua aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji. Waliokamatwa porini mara nyingi hufika wakiwa na minyoo na wamekaukiwa maji, na mtu anayeanza hawezi kupambana na hayo yote kwa pamoja. Karibu vinyonga wote wanalindwa na mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori kati ya nchi na nchi, kwa hiyo omba karatasi zinazoonyesha alikotoka, na uulize sheria ya mahali ulipo kabla hujalipa chochote.

Kuhusu ukubwa, kwa kinyonga mzima wa Yemen au Furcifer pardalis lenga sentimita 60 kwa 60 chini, na 120 kwenda juu. Sentimita 45 kwa 45 kwa 90 humtosha mwenye umbo dogo, nami singeshuka hapo. Kimo ndicho kinachotangulia, maana huyu ni mnyama wa matawi na sakafu haimhusu sana. Kinyanyue kizimba juu ya meza au kabati, ili tawi analolala liwe juu kuliko macho yako. Akikutazama kutoka juu hutulia. Ukimwinamia wewe, anakuona ndege anayemjia.

Wavu au kioo? Wafugaji hubishana sana juu ya hili. Mimi humwambia anayeanza achukue wavu, kwa sababu hewa iliyosimama yenye joto na unyevu huharibu mapafu ya kinyonga upesi, na wavu unakusamehe mengi. Chagua wavu wa matundu madogo, usio na ncha kali, ili kucha zisinase wala wadudu wa kulisha wasitoroke. Kama chumba chako ni cha baridi na kikavu mno, joto na unyevu vitakukimbia kwenye wavu. Hapo ziba pande tatu, juu ubakize wavu, na mbele kwa chini uache ufa mpana wenye wavu. Hewa moto hutokea juu na kuvuta hewa safi kupitia chini. Kizimba cha kioo kisicho na njia hizo mbili za hewa usikinunue hata kikiwa kizuri namna gani. Kioo kina tatizo lingine pia: kinyonga akijiona humo hudhani ni mwenzake, akakasirika kutwa nzima.

Mwenzake kwa kinyonga ni adui. Kila mmoja awe na kizimba chake, hata kama wamezaliwa pamoja, hata kama ni dume na jike. Ukiwa nao wawili, weka kizuizi wasionane. Aliyeonewa mara nyingi hapigani. Huacha kula tu, na mwenye nyumba haelewi kwa nini.

Kizimba kikae mahali patulivu, mbali na mlango unaopitwa kila mara, na feni, na moshi wa jikoni, na paka anayekodoa macho. Usikiweke penye jua linalopenya dirishani. Kizimba cha kioo kikipigwa na jua kinaweza kuua kwa muda mfupi.

Sasa matawi, ambayo wengi huyamaliza kwa dakika tano ilhali ndiyo nyumba yenyewe. Utazame mguu wa kinyonga. Vidole vyake vimeungana mafungu mawili, viwili huku na vitatu kule, akishika tawi ni koleo. Tawi linalomfaa ni lile ambalo mafungu hayo yanalizunguka na kukaribia kukutana bila kugusana. Mchanganyie unene, kuanzia wa penseli hadi wa kidole gumba au zaidi kidogo, ili misuli isizoee mkao mmoja. Tumia matawi ya kweli yenye magamba, yaliyosuguliwa kwa maji moto na kukaushwa. Bomba la plastiki huteleza. Mengi yalale mlalo katika vimo tofauti, machache yapande mshazari kuyaunganisha, na kuwe na njia kamili ya kutoka penye joto hadi kivulini bila kukanyaga wavu. Ukimwona anatambaa ukutani siku nzima, jua njia zimekatika au kuna kinachomkera. Kila tawi ulitikise kwa mkono. Likicheza, lifunge upya, na usitundike vyungu kwenye wavu mtupu. Uzito ubebwe na fremu.

Mimea iwe hai. Ficus benjamina, Schefflera arboricola na ule mtambaazi wa majani mapana, Epipremnum aureum, ndiyo inayotumiwa zaidi kwa sababu inavumilia kulowanishwa kila siku. Mimea ya kuuzwa mara nyingi imepuliziwa dawa ya wadudu: osha kila jani pande zote mbili, badilisha udongo, kisha iache mimea hiyo wiki kadhaa kabla haijaingia kizimbani. Funika udongo kwa mawe makubwa yasiyomezeka. Kinyonga wa Yemen hula majani kwelikweli, kwa hiyo majani ya plastiki ni hatari kwake, kipande kikimezwa kinaweza kuziba utumbo. Na usibanie. Kizimba kikikamilika, kuwe na mahali ambapo akiingia humwoni kabisa. Mfugaji mpya huhuzunika kwamba mnyama anajificha, kumbe anayejua pa kujificha ndiye anayethubutu kutoka.

Taa ya joto ikae nje ya kizimba, juu yake, isiwe ndani hata siku moja. Kinyonga hung'ang'ania penye joto hata ngozi ikiungua, na vidonda vya mgongoni na kishunguni huchukua miezi kupona. Tawi la kuotea joto liwe kiasi cha sentimita 20 hadi 25 chini ya taa, halafu pima pale mgongo wake utakapofika, kwa kukumbuka kwamba kishungi kiko juu zaidi. Kwa wa Yemen na Furcifer pardalis tafuta nyuzi joto 29 hadi 32 za Selsiasi. Jike wa Yemen asipite 29, maana joto na chakula vikizidi humzidishia mayai. Kwa wa pembe tatu, 26 hadi 28 yatosha. Sehemu za chini zibaki kwenye 22 hadi 25. Usiku zima kila kitu, na hizo taa nyekundu za usiku usizinunue. Kushuka hadi nyuzi 18 ni kupumzika kwake, na wa pembe tatu hufurahia chini ya hapo.

Utajua kama umepatia ukimtazama asubuhi. Taa ikiwaka husogea taratibu, hujibana mbavu mpaka mwili unakuwa bapa, upande ulioelekea taa ukigeuka mweusi ili unywe joto huku ule mwingine umebaki hafifu. Baada ya muda rangi hung'aa, hujikunjua, akaenda zake. Akibaki chini ya taa saa nyingi bila kuondoka, huenda joto halimfikii. Akikaa mdomo wazi, limemzidi.

Taa ya pili ni ya UVB, yaani mionzi ya urujuanimno kama ile iliyomo kwenye jua, na hii haina mbadala. Bila mionzi hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu ya chakula haifiki mifupani, na ndipo miguu hupinda na taya kulegea. Chukua tyubu ndefu nyembamba ya aina ya T5, iliyoandikwa UVB asilimia 5 au 6, inayofika karibu upana wote wa kizimba. Vile vitaa vya kujisokota huangaza eneo dogo tu na nguvu yake hupungua upesi kadiri mnyama anavyokaa mbali. Kwenye tawi la kuotea joto tafuta fahirisi ya UV ya 3 hivi, na chini yake kuwe na vivuli vya kuikimbia. Kioo huzuia karibu mionzi yote ya UVB, na wavu wa kizimba hupunguza theluthi au zaidi kulingana na ulivyosukwa. Nguvu ya tyubu huisha kabla mwanga wake haujafifia, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Kama huna kipimo, badilisha kila baada ya mwaka. Taa zote ziungwe na swichi ya saa: saa 12 za mwanga, saa 12 za giza.

Maji ndiyo huwachanganya wengi. Kinyonga hatambui kwa urahisi maji yaliyotulia bakulini, yeye hunywa matone. Nyunyizia majani alfajiri kabla taa ya joto haijawaka, na tena baada ya taa kuzimwa, dakika moja au mbili kila mara, kwa matone mepesi. Mchana weka chombo kinachodondosha maji taratibu juu ya majani. Huchelewa kuanza kunywa. Hukodolea tone, hulisukuma kwa pua, mdomo ukaanza kutafuna polepole, na anaweza kuendelea hivyo dakika nyingi. Ukimsogelea huacha, basi simama mbali.

Usifanye kizimba kiwe chepechepe mchana kutwa ukidhani ndiyo msitu. Usiku wa baridi na unyevu mwingi, asilimia 80 hata 100, ni sawa. Mchana paachwe pakauke hadi 40 au 50. Joto na unyevu vikikutana saa zote huleta kuvu, na maradhi ya ngozi na mapafu. Mashine ya ukungu, kama unayo, ifanye kazi usiku peke yake. Chini weka trei ya kukusanya maji na uimwage kila siku. Sakafu iwe tupu mpaka uwe na uzoefu. Vipande vya magamba ya miti hubebwa na ulimi pamoja na mdudu, vikamezwa. Wadudu wa kulisha uwaweke ndani ya kikombe kilichofungwa karibu na tawi, wasitambae huru, kwani nyenje waliobaki usiku humng'ata kinyonga akiwa usingizini.

Kama ni jike wa spishi inayotaga, kuna kitu kimoja zaidi cha lazima. Hutaga hata bila dume, na akikosa pa kuchimba mayai hukwama tumboni na kumuua. Anapofikisha miezi mitano hivi, awe tayari na ndoo pana yenye kina cha sentimita 30 ya mchanga mbichi, ule ambao ukichimbwa shimo haliporomoki. Akianza kutembea chini na kuparura, funika pande za kizimba kwa kitambaa na usimchungulie. Akiona anatazamwa anaweza kuacha kuchimba. Wa pembe tatu hahitaji ndoo, yeye huzaa watoto wenyewe.

Yote yakishafungwa, washa na ukiache kizimba kitupu wiki moja. Pima joto juu, katikati na chini, asubuhi, mchana na usiku, na unyevu vilevile, kwa kipimo cha kidijitali chenye waya. Hivi vya kubandika vyenye mshale hudanganya. Andika. Siku ya joto kali ni ipi, maji yanakauka saa ngapi, trei inajaa? Utarekebisha mengi bila kumsumbua mtu.

Akishafika, mfungulie apande mwenyewe kwenye tawi, kisha mwache siku kadhaa bila kumshika wala kuhamisha kitu. Kinyesi chake cha kwanza kipeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia apime minyoo, na wewe mwenyewe ukague ile sehemu ya mkojo mgumu: ikiwa nyeupe maji yanamfika, ikiwa na rangi ya chungwa ongeza muda wa kudondosha na wa kunyunyizia kuanzia siku hiyohiyo.