Mgeni kauliza khanga inakimbia, mie nimjibu nini?

SUALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mie nauza duka la vikoi na khanga hapa Gizenga, Mji Mkongwe, kiingereza changu cha kuuzia nguo si kibaya ila ikija rangi ndo nababaika. Juzi kaja bibi mmoja wa kizungu kashika kisutu anakipapasapapasa, kaniuliza "does it run?" nkamtizama tu, khanga itakimbiaje? Shoga yangu wa duka la pili akanambia mjibu "the colour is fast", mie nkaona huko ndo kuharibu biashara kabisa, fast si haraka? Yaani rangi inatoka haraka? Na wengine wanauliza "will it fade", wengine "bleed". Sasa mwalimu zote hizo ni kupauka au kila moja na lake?
Muuza vikoi, Gizenga

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Shoga yako kapatia. Fast ya hapo si ya haraka, ni ile ya kushika imara, ndo maana mtu alolala fofofo wanasema "fast asleep", na hata kufunga Ramadhani ni fast, mzizi wake huohuo wa kukaza na kujizuia. Kwa hivo "the colour is fast" ni kusema rangi imekamata, haitoki, na kwenye vile vitambaa vidogo vya maelezo vilivoshonwa ndani ya nguo utaikuta colourfast, neno moja. Ila usiiseme kama hujaifua mwenyewe nguo ukaona, hiyo ni ahadi, na mgeni akifika kwao akakuta blauzi zake nyeupe zote zimekuwa pinki atakuandika mtandaoni na picha juu.

Hizo nyengine wala usihangaike, kwa sababu lugha yako mwenyewe ishazigawa. Wewe ukiloweka kisutu kwenye beseni maji yakageuka mekundu husemi kimepauka, unasema kinachuja, basi kuchuja huko ndo run, na bleed ni hiyohiyo. Kisutu unakijua, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ile rangi ilozidi ambayo haikushika kwenye uzi inatoka na maji ya mwanzo inakwenda kukaa kwenye weupe wa pindo, hapo utasema "the red ran into the white", ran kwa sababu ishapita, na bleed ikishapita ni bled. Yule bibi alikuwa anauliza hilo tu. Mjibu "wash it separately the first time, the red may run a little", ukweli umesema na khanga atanunua, wazungu wanapenda kuambiwa mapema.

Fade ndo kupauka, na huku hakuna kilohamia nguo nyengine, rangi imekufa palepale ilipo, mara nyingi kwa jua, maana mwanga wa jua unaivunja rangi yenyewe kidogo kidogo. Angalia ile doti ulotundika mlangoni miezi yote hii, upande wa njiani umekuwa kama chai ya maziwa, ukifunua mkunjo ndani rangi mbichi kama siku ilotoka kwenye belo. Hiyo "it has faded", au "the sun has faded it", zote sawa. Hina na piko wanazopakwa watalii kule Nungwi nazo zina-fade, na sauti, na kumbukumbu, na vijana wanaokwenda saluni kukata fade wanaijua siku nyingi, nywele zinapungua taratibu mpaka ngozi. Usiseme tu "the colour is finished", hiyo ni rangi imekwisha yetu tumeivika suruali, mgeni atadhani unamwambia nyekundu zimemalizika dukani na ataondoka.

Ikikurukia Jik ikakutilia madoa meupe hiyo si fade, ni bleach, "it got bleached". Nguo ya jua kali la pwani pia wanaiita sun-bleached, ila hapo imepauka hasa mpaka kukaribia nyeupe. Na kanzu nyeupe ilofanya umanjano shingoni kwa jasho, haikupoteza rangi, imepata rangi isotakiwa, hiyo ni discoloured. Andika na ou kama skuli zetu zinavofundisha, Wamarekani wanaitoa u, chagua moja usichanganye. Pete ya fedha ikifanya weusi sema tarnished, usije ukaiambia fade. Fade na tarnish zote asili yake Kifaransa, lugha ilomwagika Uingereza baada ya Wanormani kuivamia mwaka 1066, bleach ndo ya kwao wenyewe tangu hapo.

SUALI: Mwalimu, mwanangu kaandika kwenye insha "my grandfather's beard has faded", imepigwa mstari mwekundu bila maelezo. Kosa lipo wapi? Nywele si zimepoteza rangi?
Mzee wa mtoto, Wete

JIBU: Zimepoteza kweli, lakini nywele zikiota mvi Kiingereza wanasema zimekwenda huko kwenye rangi mpya, "my grandfather's beard has gone grey", na zikiwa nyeupe kabisa "has gone white". Uso nao hivohivo, mtu akishtuka au akiumwa uso ukampauka wanasema "he went pale", fade hapana. Lakini muulize kwanza babu yake, kama ndevu anazitia hina na sasa zinarudi weupe, basi mtoto aandike "the henna in my grandfather's beard has faded" ampelekee mwalimu wake tena.