Maswali ya Wasomaji: Tutembee kwa Ajili ya Maji, Lakini Pampu Ikifa Nani Ataitengeneza?

SWALI: Kikundi chetu kinaandaa matembezi ya hisani ya kilomita 10 ili kuchangia kisima kwa jamii isiyo na maji safi. Wenzetu wawili wamepinga. Mmoja anauliza kwa nini watu wachoshe miguu ilhali wangeweza kutuma mchango wakiwa nyumbani. Mwingine anasema aliwahi kuchangia kisima ambacho pampu yake ilikufa kabla ya miaka miwili kutimia, na hadi leo imesimama hivyo hivyo. Tuwajibu nini?
— Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu Katibu, mwenzenu wa kwanza anajibika kwa urahisi. Fedha nyingi za matembezi ya hisani hazitoki mfukoni mwa anayetembea, bali kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wanaoahidi kumchangia kwa kila kilomita atakayoimaliza. Mshiriki mmoja mwenye bidii huja na watu kumi nyuma yake, na kila mmoja wao lazima aelezwe mchango wake unakwenda wapi. Maelezo hayo hayatolewi na mtu aliyetuma fedha kimya kimya akiwa nyumbani.

Na yapo mengi ya kueleza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.2 hawakuwa na huduma salama ya maji ya kunywa, yaani maji yanayopatikana nyumbani, wakati yanapohitajika, yasiyo na uchafu wa kinyesi wala kemikali hatari. Mashirika hayo huhesabu kuwa mtu amefikiwa na huduma ya msingi ikiwa chanzo chake cha maji ni cha kuaminika na safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi haizidi dakika 30. Sasa piga hesabu ya familia ya watu watano ambao kila mmoja anatumia lita 20 tu kwa siku: hayo ni madumu matano ya lita 20, kila moja likiwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Kama hakuna wa kusaidiana, ni safari tano, na hata zikiwa za nusu saa kila moja, saa mbili na nusu za siku zimekwisha. Mara nyingi anayezitumia saa hizo ni mama au binti yake.

Mwenzenu wa pili ndiye ninayewasihi mumsikilize kwa makini, kwa maana hoja yake imewavunja moyo wachangiaji wengi wema. Pampu ya mkono haifi ghafla. Ndani ya silinda yake mna mipira midogo inayozuia maji yasirudi chini, na mipira hiyo husagika kidogo kidogo kila mpini unapopandishwa na kushushwa, hasa kisima kinapoingiza mchanga. Dalili huonekana mapema: asubuhi mtu anapiga mpini mara kumi, kisha ishirini, kabla tone la kwanza halijatoka. Kifaa kinachotakiwa wakati huo ni kidogo na cha bei nafuu, lakini kama hakuna fundi aliyefunzwa, wala spana ya kufungulia, wala akiba hata kidogo, pampu nzima inaachwa kwa sababu ya kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, na watu wanarudi mtoni.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha fulana moja, ulizeni shirika mtakalolikabidhi fedha maswali ambayo halina budi kuyajibu kwa maandishi. Je, wanajamii wana kamati ya maji waliyoichagua wenyewe, yenye wanawake katika nafasi za uamuzi, na inayokusanya mchango wa matengenezo? Ni nani amefunzwa ufundi, na vipuri vinanunuliwa wapi? Binafsi ningependelea kisima kimoja chenye fungu la matengenezo kuliko visima viwili visivyo na mwenyewe.

Ulizeni pia juu ya upimaji wa maji. Nchini Bangladesh mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili kuwaepusha watu na magonjwa yaliyotokana na maji ya madimbwi, na ilipofika mwaka 1993 ikagundulika kwamba maji ya vingi miongoni mwao yalikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Waliovichimba walikuwa na nia njema kabisa. Maji yanayong'aa katika glasi hayajathibitisha chochote mpaka yapimwe, na kipimo hicho kiwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu fedha zenyewe, tafuteni mdhamini wa kulipia mahema, vipaza sauti na mabango, kisha tangazeni kilichokusanywa, kilichotumika katika maandalizi na kilichokabidhiwa. Mwaka mmoja baadaye waandikieni wachangiaji tena, muwaambie kama pampu bado inatoa maji. Ikiwa imeharibika, waambieni hilo pia, na hatua iliyochukuliwa.

SWALI: Je, inafaa washiriki wabebe madumu ya maji wakati wa matembezi?
— Mshiriki wa mara ya kwanza

JIBU: Inafaa, mradi isiwe njia nzima. Wekeni kipande cha kilomita moja, dumu lijazwe nusu tu, na watoto, wajawazito na wenye maumivu ya mgongo au shingo wasibebeshwe. Asiyezoea atahisi mpini ukimkata vidole kabla hajafika nusu ya kipande hicho, na maji yakicheza ndani yatamyumbisha kila anapoongeza mwendo. Mwishoni msiyamwage mtaroni mbele ya watu mliowaita kuchangia maji: yapelekeni kwenye miti au bustani iliyo karibu, na mpangeni mapema nani atayapokea.